Kauntabuku Lililoachwa Nyumbani

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa Keko Magurumbasi, kwenye karakana aliyoiacha marehemu baba, ambayo sasa inaendeshwa na mdogo wangu. Saa nne asubuhi mashine ya kuranda ilikuwa imeshapamba moto na maranda yamejaa hadi ndani ya ndara. Mpwa wangu akaingia, akanipa shikamoo kwa sauti ya kushindana na mashine, akaketi juu ya rundo la mbao za mninga na kunikabidhi faili la nailoni. Alihitimu uhandisi mitambo mwaka 2023. Tangu hapo anauza vipuri vya pampu Gerezani, kwenye duka la mtu. Ndani ya faili mlikuwa na cheti cha shahada, matokeo ya miaka minne, kitambulisho cha NIDA, na pasipoti mpya isiyo na muhuri hata mmoja. Alitaka nimwandikie barua ya kumtambulisha. Kwenda wapi?

"Kanada, mjomba. Ikishindikana, Ujerumani. Ikishindikana kabisa, Dubai."

Nikazipitia zile karatasi mara mbili. Halafu nikamuuliza kauntabuku liko wapi.

"Kauntabuku gani?"

"La mbao."

Akacheka kidogo, kwa aibu. "Aah, kale kamradi ka pale uani? Hakahusiani, mjomba."

Kanahusika kuliko karatasi yoyote iliyokuwa ndani ya lile faili, na ndiyo sababu nimekaa kuandika makala haya.

Aliyewahi kununua mlango au kabati Keko atanielewa. Unachukua mlango mzuri wa mninga, umepigwa msasa na vanishi mpaka unang'aa, unaupeleka ofisini penye kiyoyozi, na baada ya miezi michache viungo vinaachia na ubao unapinda. Mteja anasema fundi mwizi. Fundi si mwizi. Mbao zinafika kutoka mikoani zikiwa bado na maji, na fundi ameshapokea advansi, kwa hiyo hana miezi ya kusubiri. Hata ubao uliokaa sana kwenye hewa ya Dar es Salaam hubaki na unyevu wa karibu asilimia 15 ya uzito wake mkavu, na chumba chenye kiyoyozi kinaunyonya hadi chini ya hapo. Ubao ukipoteza maji unasinyaa, na ukisinyaa ukiwa tayari umeshakuwa mlango, ndipo ugomvi unapoanza.

Mpwa wangu alipokuwa mwaka wa tatu alitakiwa kufanya wiki 8 za mafunzo kwa vitendo. Barua alizotuma kwenye makampuni hazikujibiwa, akaja kufanyia karakanani kwa babu yake. Siku za mwanzo alifagia maranda. Baadaye akaanza kukata vipande vidogo vya mbao, akavipima uzito kwa mzani wa kuazima, akavipeleka kwenye tanuri la maabara ya chuo na kuvikausha kwa nyuzi 103 mpaka uzito ukaacha kushuka. Hapo akajua kila ubao umebeba maji kiasi gani. Kisha akajenga kibanda uani: fremu ya mabaki ya mbao, bati lililopakwa rangi nyeusi, nailoni angavu juu, na feni mbili za kusukuma hewa. Mbao za kwanza zilipasuka ncha. Akaandika kwenye kauntabuku kwamba zimepasuka, na kwa nini: ncha zinatoa maji haraka kuliko sehemu ya katikati. Akapunguza matundu ya hewa, akapaka ncha zote rangi iliyobaki kwenye makopo. Awamu ya tatu ikatoka imenyooka kwa siku 24, wakati mbao za unene uleule zilizopangwa kivulini zilikuwa zikichukua zaidi ya miezi mitatu. Kibanda kile kinatumika hadi leo, na wiki 8 zilipokwisha aliendelea kuja kila Jumamosi kuchukua vipimo.

Hiyo ndiyo kazi ya mhandisi, tangu tatizo hadi marekebisho, na kosa likiwa limeandikwa bila kufichwa. Na kijana huyu aliyejaza kurasa 60 za kazi hiyo kwa mkono wake aliliacha daftari nyumbani alipokwenda kupanga maisha yake ya ughaibuni. Aliliacha kwa kuwa kazi ilifanyika Keko, uani, kwa babu.

Ninachotaka kuwaambia yeye na wenzake ni hiki: ukitaka kwenda, nenda, lakini ondoka ukiwa umeshakuwa mhandisi. Ukiondoka ukiwa mhitimu tu, unakokwenda watakupokea kama mhitimu tu, na wahitimu wanao wa kwao.

Tofauti ya maneno hayo mawili kwetu ipo kisheria. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 hairuhusu mtu kujiita mhandisi na kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Ukitoka chuoni unasajiliwa kama mhandisi mhitimu. Ili uwe mhandisi mtaalamu unahitaji kufanya kazi chini ya msimamizi aliyesajiliwa, na tangu 2003 kuna mpango maalumu wa miaka mitatu wa kuwalea wahitimu kazini, ule unaoitwa SEAP: unajaza kitabu cha kumbukumbu za kazi, unaandika ripoti, msimamizi anasoma na kusaini. Vijana wengi wanauona mpango huo kama foleni nyingine ya serikali, kama ile ya kitambulisho. Nimesikia wakisema, "Miaka mitatu yote hiyo si ningekuwa nimeshafika?"

Ungekuwa umefika uwanja wa ndege. Huko mbele kuna foleni ileile, tena ya wageni.

Nchi nyingi zinazotamaniwa na vijana wetu, zikiwemo Uingereza, Marekani, Kanada na Australia, zilikubaliana mwaka 1989 huko Washington kutambuana shahada za uhandisi. Afrika Kusini iliingia kwenye makubaliano hayo mwaka 1999. Sisi bado hatumo. Hii haina maana kwamba shahada ya Mlimani au ya DIT ni mbovu. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na waliopita pale wamejenga na kuendesha sehemu kubwa ya nchi hii. Maana yake ni kwamba shahada yako haitapita mlangoni kwa jina la chuo peke yake. Itapimwa ya kwako wewe, na mpimaji atataka kuona ulichofanya.

Australia ndiyo mfano ninaoupenda, kwa sababu wanasema wazi wanachotaka. Mhandisi ambaye shahada yake haimo kwenye makubaliano hayo huandikia chama cha wahandisi cha huko masimulizi matatu ya kazi alizofanya mwenyewe, kila moja kati ya maneno 1,000 na 2,500. Hawataki maelezo ya mradi ulikuwa mkubwa kiasi gani. Wanataka kujua wewe ulikokotoa nini, uliamua nini, ulikosea wapi, ulirekebishaje. Na wanataka uandike kwa nafsi ya kwanza umoja.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, na nina hakika kinachotukwamisha ni malezi. Mtoto aliyekulia karakana ya Keko hasemi "nimetengeneza." Anasema "tumetengeneza," hata kama fundi mkuu alikuwa amelala nyumbani. Kusema "mimi" mbele ya wakubwa ni utovu wa adabu, na mimi mwenyewe nililelewa hivyo na sijutii. Nimesoma sivii za wahitimu zaidi ya mia mbili katika miaka yangu ya kuajiri. Karibu zote zimeandikwa "tulishiriki," "tulihusika," "tulisaidia." Nikimwita mwenye sivii na kumuuliza, "Katika hilo daraja, wewe ulipima nini?" kunakuwa kimya kirefu. Wapo wanaokaa kimya kwa sababu hawakupima kitu. Lakini wapo wanaokaa kimya kwa sababu walipima kila kitu na hawajui kama wana ruhusa ya kusema. Hawa wa pili wananiuma sana. Adabu ya "tumefanya" ibaki karakanani na mezani kwa wazee. Kwenye kitabu cha kazi, andika "nilipima," kwa kuwa yule atakayekisoma anauliza nani atawajibika daraja likititia.

Jimbo la Ontario nchini Kanada nalo lina somo lake. Kwa miaka mingi mhandisi mgeni hakupata leseni pale bila kuwa na angalau mwaka mmoja wa kazi iliyofanyika Kanada, na kazi hakuipata kwa sababu hakuwa na leseni. Wako Waafrika wengi waliozeeka kwenye usukani wa teksi kwa sharti kama hilo. Mwezi wa Mei 2023 bodi ya wahandisi ya Ontario ililifuta. Miezi 48 ya uzoefu bado inadaiwa, ila sasa inaweza kuwa ya popote, mradi uionyeshe kwa ushahidi na mtu wa fani athibitishe. Mpwa wangu aliniambia Kanada wamelegeza. Ni kweli wamelegeza, na faida inakwenda kwa yule mwenye miezi 48 iliyoandikwa na kusainiwa. Miaka miwili ya kuuza vipuri bila kuandika chochote haitamsaidia, ingawa najua dukani pale ameshafungua na kufunga pampu nyingi kuliko mwalimu wake.

Hata anayetaka kupitia njia ya masomo anaulizwa hayohayo. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unadai saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi, na baadaye urudi nyumbani kwa miaka miwili. Programu za DAAD za Ujerumani kwa wataalamu wa nchi kama yetu nazo zinadai miaka miwili kazini. Mtu anayejaza fomu hizo mwezi mmoja baada ya mahafali anajipotezea bando.

Kuna njia ya karibu ambayo vijana hawaitaji kabisa. Mwaka 2012 Tanzania, Kenya na Uganda zilisaini makubaliano ya kutambuana wahandisi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Rwanda ikajiunga baadaye. Mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa na ERB ana mlango wa kuombea usajili Nairobi, Kampala au Kigali bila kuanza upya. Huko nako ni nje. Kuna malipo, kuna majengo marefu, kuna wakubwa wa kazi wasiokujua wewe mtoto wa nani, na nauli ya basi inatosha kurudi kumzika mzazi. Lakini mlango huo pia unafunguka kwa aliyesajiliwa nyumbani.

Nasema haya nikiwa nimekwenda. Mwaka 1999 nilipata kazi Gaborone, wakati ambao Watanzania wengi, walimu, madaktari na wahandisi, walikuwa wakielekea Botswana. Kwenye usaili walitazama cheti changu kwa muda wa kunywa funda moja la chai. Kisha yule mzee wa Kitswana akaniambia nimwonyeshe kitu nilichokokotoa mwenyewe. Nilikuwa na kimoja: hesabu za kalavati la barabara ya vumbi, kurasa 11, zenye jina langu na saini ya mhandisi aliyenisimamia mwaka wangu wa kwanza kazini. Tulizungumzia kalavati lile kwa saa nzima. Kwa miaka miwili baada ya kalavati lile, kabla sijaenda Botswana, nilifanya kazi kubwa zaidi ya hiyo, kwenye ofisi nyingine, chini ya bosi ambaye kila nilipompelekea kitabu alisema "acha hapo mezani." Hakusaini hata ukurasa mmoja. Nilipokwenda kukichukua siku ya kuondoka, kitabu hakikuonekana. Miaka yangu miwili ilipotea mezani kwa mtu, na hadi leo inaniuma.

Kwa hiyo lawama zangu nyingi haziwaendei vijana. Zinatuendea sisi tuliosajiliwa.

Kutoka Keko ukishika Barabara ya Nyerere kuelekea uwanja wa ndege unafika TAZARA, na hapo unapita juu au chini ya daraja la Mfugale, lililofunguliwa Septemba 2018 na kupewa jina la mhandisi wetu Patrick Mfugale, aliyekuwa mtendaji mkuu wa TANROADS. Nikilipita hujisikia fahari kila mara. Lakini aliyelijenga ni mkandarasi wa Kijapani, Sumitomo Mitsui, kwa msaada wa Japani. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kwenda Dodoma imejengwa na Yapi Merkezi ya Uturuki. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo 9 na megawati 2,115, limejengwa na makampuni ya Misri. Sina ugomvi na kuwaita wenye uwezo. Ninachouliza ni nini kimebaki mikononi mwa vijana wetu waliopita kwenye saiti hizo. Nimewasaili wengi. Wana picha nzuri sana wakiwa na helmeti na viakisi mwanga, nyuma yao kreni imesimama. Hesabu hawana. Mchoro wenye jina lao hawana. Waliwekwa kupokea malori na kujaza fomu za mahudhurio, na hakuna Mtanzania mkubwa aliyesimama na kusema huyu naye apewe nguzo moja aikokotoe, kisha tumsahihishe.

Pale pale TAZARA kuna kumbukumbu ya mambo kwenda tofauti. Reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilipokuwa inajengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, vijana wa Kitanzania na Kizambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea reli. Waliondoka wakijua injini na mataruma yapi yanawasubiri. Safari yao ya nje ilipangwa pamoja na kazi ya nyumbani, kwenye karatasi moja. Mpwa wangu anapanga peke yake, kwa simu, usiku, baada ya kufunga duka.

Hatuwezi kuirudisha miaka ya 1970, lakini mikataba ya sasa tunaiandika wenyewe. Kila mkataba mkubwa wa ujenzi utaje idadi ya wahitimu watakaofundishwa na kazi mahususi kila mmoja atakayoifanya kwa jina lake, na mkandarasi asilipwe awamu ya mwisho kabla vitabu vyao havijasainiwa. Na mhandisi mwenzangu unayesoma hapa, kama kuna kitabu cha kijana mezani kwako, kisome leo.

Wapo watakaosema nawafundisha vijana kuikimbia nchi iliyowasomesha. Nimelifikiria hilo kwa uzito. Wengi wamesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na ule mkopo ni fedha ya wavuvi, ya mama ntilie, ya mafundi wa hapa Keko ambao watoto wao hawakufika sekondari. Aliyeajiriwa nyumbani anakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi amalize. Aliyeko Toronto hakatwi na mtu, na hapo ndipo utu wake unapopimwa. Nataka mpwa wangu aweke marejesho kwenye mpango wake kabla ya kodi ya nyumba. Akilipa, hadaiwi kitu na mtu, na safari yake isiitwe usaliti. Waomani wazaliwa wa Unguja walioitwa Maskati baada ya 1970 walikwenda na elimu waliyoipata kwetu, wakasaidia kuijenga nchi ile, na hadi leo Kiswahili kinasikika kwenye ofisi zake. Ujuzi huwa unasafiri. Mimi mwenyewe nilirudi baada ya miaka 6, nikarudi na namna ya kuandaa michoro ambayo ofisi yangu inaitumia hadi leo.

Kuhusu mawakala nitasema kidogo tu. Kijana wa jirani zetu Keko Mwanga aliuza kiwanja cha urithi akamlipa wakala, akafika Ghuba na kukuta kazi ya "uhandisi" ni kupanga maboksi ghalani, pasipoti ikiwa mkononi mwa tajiri. Ukiletewa mkataba wa kazi ya nje, upeleke TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, wausome kabla hujatoa hata shilingi. Anayekuambia huna haja ya kupeleka, muage.

Turudi karakanani. Nilimwambia mpwa wangu kwamba barua nitaiandika, ila ya kuombea nafasi ya SEAP, na kwamba ya Kanada tutaizungumzia mwaka 2028 akiwa na namba ya usajili. Akainamisha kichwa. Nilijua anahesabu umri. Kisha akanyanyuka, akaenda ndani, akarudi na kauntabuku. Mdogo wangu alikuwa ameligeuza: kurasa za nyuma zilijaa majina ya wateja na advansi zao, vitanda, meza za kulia chakula. Kurasa za mbele zilikuwa vilevile, zina madoa ya gundi, safu za uzito asubuhi na jioni, na mchoro wa kibanda uliochorwa kwa penseli bapa ya seremala.

Tukakaa kwenye benchi. Akafungua karatasi nyeupe, akaandika, "Tulitengeneza kikaushio cha mbao." Nikamtazama. Akakata. Akafikiri kitambo, jasho likimtoka kama aliyeambiwa atukane, kisha akaandika: "Nilipima unyevu wa mbao 12 za mninga."

Aliandika kurasa nne hadi adhuhuri ilipoadhiniwa. Mdogo wangu akazima mashine, akaja kusoma juu ya bega lake, akitamka maneno polepole. Alipomaliza akajifuta vumbi mikononi kwenye suruali, akauliza asaini wapi.